Awor na Sahani za Kompyuta ya Pamba

Mwaka wa 1975, katika mji wote wa Tororo, mwanamke aliyelala na picha ya kabati la chuma chini ya mto wake alikuwa mmoja tu, naye aliitwa Awor. Picha yenyewe aliikata kutoka katika kijitabu cha wauza mashine wa Nairobi. Ilionyesha kabati la rangi ya samawati, refu kumpita mtu, lenye taa tatu kifuani na kifuniko cha kioo, na ndani yake sahani nyeusi zilizopangwa moja juu ya nyingine kama sinia za karamu. Kila asubuhi Awor aliitazama, akacheka peke yake, akavaa viatu, akaenda kazini.

Alizaliwa Nabuyoga, katika ukoo wa wakulima wa Kijopadhola ambao hawakuwahi kumiliki mashine iliyozidi cherehani. Hesabu ndizo zilizomtoa nyumbani. Alipelekwa Kampala kujifunza kompyuta katika kampuni moja ya biashara ya Wahindi, na alikuwa amekwisha kuizoea kompyuta hiyo hata akajua kwa mlio wake kama imeamka vizuri, wenye kampuni walipoamriwa kuondoka nchini. Wao walikwenda na masanduku mawili mawili. Kompyuta ilibaki chini ya turubai. Serikali ikauliza nani anaitaka. Umoja wa Wakulima wa Pamba wa Tororo ukajibu kwamba unaitaka, bila kujua ni kitu gani. Na Awor akasafiri nayo kwa gari moshi, ameketi juu ya kreti, kama bibi arusi anayelinda sanduku lake.

Kompyuta hiyo ilikuwa na kasoro moja. Kumbukumbu zake ziliwekwa katika utepe uliozungushwa kwenye gurudumu, na utepe husomwa kuanzia mwanzo. Mkulima alipofika dirishani na magunia yake, ili ajulikane ni nani, aliwahi kuleta kilo ngapi na anastahili nini, ilibidi gurudumu lizunguke likiwapita wakulima wote waliomtangulia. Msimu uliopita watu walilala uani kwa Umoja wakingoja gurudumu. Mtoto mmoja alizaliwa katika foleni hiyo, akapewa jina la utani la Foleni, na jina likamganda.

Dawa ilikuwa sahani. Awor alipenda kuwaeleza watu jambo hili, hata wasiouliza. Utepe, alisema, ni kama kumtafuta mtu kwa kubisha hodi kila nyumba ya kijiji. Sahani ni kama kwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwake. Sahani inazunguka kwa kasi, na mkono wa chuma wenye vichwa vya kusomea unaingia, unasimama palipoandikwa jina lake, unasoma, unatoka. Alipofika hapo, mkono wake mwenyewe ulikuwa ukiingia na kutoka hewani, na msikilizaji alirudi nyuma kidogo.

Mwenyekiti wa Umoja wakati ule alikuwa Kapteni Hamuza, aliyewekwa na jeshi. Hakuwahi kulima pamba, lakini alipenda mambo yafanyike. Alimwita Awor ofisini.

"Wewe Awor. Mwaka huu mimi hapana taka foleni. Nimeahidi wakubwa."

"Ndiyo, Afande."

"Chagua hiyo sahani yako. Chagua muzuri. Foleni ikiwa, wewe utakwenda kueleza."

Awor alielewa. Katika miaka ile watu kadhaa mjini walikuwa wamekwenda kueleza, na maelezo yao yalikuwa hayajaisha hadi sasa.

Hata hivyo alitoka ofisini akitembea kama anayerukaruka, kwa sababu alikuwa amepewa ruhusa ya kununua kitu alichokipenda. Mfanyabiashara wa Busia aliyeitwa Jamiru, mwenye malori na ghala karibu na mpaka, alikuwa amevusha sahani za aina mbili kutoka upande wa Kenya, akiwa na hakika kwamba moja itanunuliwa. Ya kwanza ilikuwa lile kabati kubwa la samawati. Ya pili haikuwa moja, bali masanduku manne madogo, kila moja na sahani zake na mkono wake, yasiyo na kioo wala taa za maana, yamekaa kama majokofu yaliyochutama. Bei ilikuwa sawa.

Awor alichagua namna watu wa Umoja walivyochagua ghala la pamba tangu zamani: aliuliza litaingiza kiasi gani. Ghala likiingiza magunia mengi kuliko jingine, hilo ndilo ghala. Kabati kubwa lingewaingiza wakulima wote wa wilaya, na watoto wao, na nafasi ikabaki. Yale manne, hata yakiunganishwa, yangewatosha wakulima waliopo na ziada kidogo tu. Basi akaandika kwamba kabati kubwa ndilo bora, akaipigia mstari kauli hiyo mara mbili, akaenda nyumbani kuitazama picha.

Kapteni alifurahi zaidi yake. Alimpigia simu Gavana. Kisha, kwa kuwa kabati lisingeweza kupita mlangoni, aliamuru ukuta wa ofisi uvunjwe.

Jumapili kabla ya siku ya kwenda Busia, mjomba wake Oboth alimfanyia Awor sherehe kule Nabuyoga. Mpwa wake alikuwa anakwenda kununua ubongo wa serikali, hivyo ndivyo alivyowaambia majirani, na jambo hilo halikustahili chungu cha kawaida. Aliazima chungu cha pombe kikubwa kuliko vyote katika sehemu ile, kikaletwa kwa machela kama mgonjwa, kikajazwa kongo, pombe ya wimbi, na maji ya moto hadi ukingoni. Awor aliposhuka kwenye baiskeli na kukiona, alipiga vigelegele mwenyewe.

Shida ilikuwa mirija. Kongo hunywewa kwa mirija mirefu, watu wakikizunguka chungu, na kila mgeni huja na mrija wake. Lakini siku ile wanajeshi walikuwa wameweka kizuizi barabarani, na kijana mmoja mwenye bunduki alikuwa ameamua kwamba vijiti virefu vyenye tundu ndani ni eriali za redio za maadui. Wageni wote walinyang'anywa. Walifika mikono mitupu, wamekasirika, wana kiu, wakaketi kukizunguka chungu kilichojaa. Nyumbani ulikuwepo mrija mmoja tu, wa Oboth mwenyewe, uliokuwa umechomekwa kwenye nyasi za paa.

Oboth alisema hakuna tatizo. Angeuzungusha.

Alianza na mzee wa kanisa. Mzee akavuta, akafumba macho, akavuta tena. Oboth akauchukua mrija, akazunguka upande wa pili wa duara kumpa mama mkwe wake, kwa sababu ya heshima. Kisha ilikuwa zamu ya mkwe mwingine wa mama huyo, lakini mkwe hawezi kuweka midomo palipotoka midomo ya mama mkwe, kwa hiyo mrija ulipelekwa jikoni kusuuzwa kwa maji ya moto, ukarudi, ukanywewa, ukapelekwa tena jikoni. Oboth alikuwa akikimbia. Jasho lilimtiririka. Kila alipompa mtu upande huu, mtu wa upande ule aliita.

"Oboth," akasema jirani yao Okiror, mtu wa kabila la Iteso mwenye maneno mengi, "chungu chako ni ziwa. Sisi tunakufa kwa kiu ufukoni."

"Zamu yako inakuja."

"Ulisema hivyo kabla mvi hazijaniota."

"Wewe ulinyang'anywa mrija wako, sasa unanilaumu mimi?"

"Nalaumu chungu. Mwaka jana tulikuwa na vyungu vinne vidogo pale chini ya ghala, kila kimoja na mrija wake, na mpaka jua likitua nilikuwa nimesahau jina la mke wangu."

"Hilo alituambia yeye mwenyewe," akasema mama mkwe.

Wote walicheka, na Awor alicheka kuliko wote, hadi karanga zikamdondoka mkononi. Kisha akainua macho. Alimtazama mjomba wake akivuka duara na mrija mmoja, anaingia, anasimama, anatoka, anakimbilia upande mwingine, huku chungu kimejaa hadi ukingoni na koo za watu zimekauka.

Kabati kubwa lilikuwa na mkono mmoja.

Alikuwa ameuona mkono huo kwenye picha kila asubuhi. Ulikuwa na vidole vingi kama kitana, kimoja kwa kila sahani, lakini vyote viliota kwenye shina moja, vikiingia pamoja na kutoka pamoja. Siku ya pamba madirisha sita yangeuliza kwa wakati mmoja. Mkulima wa Mella angekuwa ukingoni mwa sahani, wa Nabuyoga karibu na katikati, na mkono ule ungekimbia huku na huku kama Oboth, ukiwa na wilaya nzima ndani yake na watu wote nje wanangoja.

"Mjomba," akauliza polepole, "tatizo si chungu, sivyo?"

"Chungu kina kosa gani? Ni mrija huu," akasema Oboth akihema.

Awor akaanza kucheka upya, safari hii kicheko chenye woga ndani yake, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Huyu mtoto zamu yake haijafika," akasema Okiror, "na tayari amelewa."

Kesho yake alipanda Landrover ya Kapteni kwenda Busia, wanajeshi watano wakiwa wamejazana nyuma. Njia nzima Kapteni alieleza jinsi ukuta ulivyovunjwa vizuri, bila kuanguka paa. Awor aliitikia kila mara. Walipoingia uani kwa Jamiru, kabati la samawati lilikuwa limesimamishwa kwenye jua, limepanguswa, linang'aa, na yale masanduku manne yalikuwa nyuma yake chini ya turubai.

"Afande," akasema Awor kabla hajaishiwa na ujasiri, "naomba kubadili neno langu."

"Neno gani?"

"La kabati kubwa. Nilikosea. Tuchukue manne."

Kapteni hakugeuka. Jamiru, aliyekuwa amefungua mikono kuwakaribisha, aliifunga taratibu, akaona gunia la chumvi lililohitaji kunyooshwa haraka sana.

"Mimi nimevunja ukuta," akasema Kapteni.

"Nimeuona, Afande."

"Nimeambia Gavana."

"Ndiyo, Afande."

"Juzi kubwa ni muzuri. Leo kubwa ni mbaya. Nani amekupa kitu kidogo? Huyu?"

"Wallahi, Afande," Jamiru akasema kutoka nyuma ya gunia, "mimi hilo kubwa ndilo linalonipa faida. Likibaki hapa nitaligeuza kuwa la nguo."

Awor alijua kwamba maelezo ya vidole na shina yasingemfikisha popote. Akatazama uani. Zubaida, mke wa Jamiru, alikuwa akiwaandalia wapagazi uji wa asubuhi. Kando ya choo ulisimama mpapai wenye majani mapana juu ya mabua marefu yenye tundu ndani, yale ambayo watoto hunyonyea maji.

"Afande, nipe ruhusa nikuonyeshe kwa uji."

Katika maisha yake ya jeshi Kapteni Hamuza alikuwa ameonyeshwa mambo kwa ramani, kwa fimbo na kwa bunduki. Kwa uji, bado. Huenda hilo ndilo lililomshinda. Akasema, "Onyesha."

Zubaida aliupima uji kwa bakuli: nusu katika sufuria kubwa, nusu nyingine ikagawanywa katika sufuria ndogo nne. Awor akakata mabua matano ya mpapai. Moja akaliweka katika sufuria kubwa. Katika kila ndogo, moja. Kisha akaomba watu sita kila upande. Wapagazi wa Jamiru wakazizunguka zile ndogo. Wanajeshi watano wakaizunguka kubwa, na kabla hajatajwa mtu wa sita, Kapteni mwenyewe akakunja magoti akaketi, kwa kuwa hakuona sababu ya jeshi kuongozwa na koplo.

"Kila mtu afyonze mara moja, ampe mwenzake," akasema Awor.

"Ngoja. Sisi watu sita, bua moja? Ongeza mabua hapa."

"Kabati halina nafasi ya kuongeza, Afande. Kiwandani wametia mkono mmoja tu. Yale manne, kila moja limekuja na wake."

Kapteni alilitazama kabati, akaitazama sufuria. "Haya. Jeshi tayari."

Zubaida akapiga mwiko.

Wapagazi walikunywa kama watu waliozaliwa kwa kazi hiyo. Kwa wanajeshi, bua lilianza vizuri kwa Kapteni, likaenda kwa koplo, ambaye aliona si adabu kulifyonza kabla ya kulipangusa. Akalipangusa kwa kofia. Wa tatu alikuwa upande wa pili, bua likanyooshwa juu ya sufuria, likamwaga uji kwenye goti la wa nne. Wa nne akalikamata kabla ya zamu yake. Wa tano akalivuta.

"Leta hapa."

"Si zamu yako."

"Nani mkubwa hapa?"

"Mkubwa ni mimi," akasema Kapteni, "leta bua."

Bua likapinda katikati. Uji ukapanda hadi kwenye nishani. Upande wa pili sufuria ya kwanza ilikwisha, ya pili ikakwisha, na wapagazi wenye sufuria tupu wakahamia za wenzao. Punde zote zilikuwa kavu, na mpagazi mmoja akacheua, kisha akaomba radhi kwa heshima zote.

Koplo alikuwa bado na bua mdomoni na hakujua kama alitoe. Jamiru alitazama lango, akilipima. Kicheko kilikuwa kinampanda Awor kooni. Aliuma shavu kwa ndani akakirudisha.

Kapteni aliinama akatazama sufuria kubwa. Uji ulikuwa umebaki zaidi ya nusu.

"Hii wapagazi," akasema taratibu, "siku ya pamba ni wakulima?"

"Ndiyo, Afande. Na ninyi pia ni wakulima. Wale wa kabati kubwa."

Akafikiri. Akauliza swali ambalo Awor hakulitarajia kwake. "Na sahani ikikufa?"

"Likifa kubwa, wilaya nzima inangoja. Likifa dogo moja, anangoja mmoja kati ya wanne, na wengine wanaendelea." Kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema kweli moja, aliona amalizie nyingine. "Lakini manne yanakula umeme zaidi, Afande. Na yote yanaogopa vumbi. Kile kichwa cha kusomea hakigusi sahani, kinaelea juu yake, na nafasi iliyopo ni nyembamba kuliko unywele. Chembe moja ya vumbi ikiingia, kinakwaruza kila kitu. Kwa hiyo lile tundu la ukutani—"

"Nijenge tena ukuta."

"Ndiyo, Afande. Na watu wavue viatu mlangoni."

"Na Gavana? Nimemwambia kubwa."

Hapo Jamiru alitoka nyuma ya chumvi. "Afande, mwambie zimekuwa nne. Alitegemea moja, atapata nne. Nani atalalamika?"

Kapteni alimtazama Jamiru, kisha akaangalia uji ukikauka kifuani pake. Bega lake lilianza kutikisika. Koplo alidhani ni hasira, akasimama wima na bua lake mdomoni, na hapo ndipo Kapteni alipocheka kwa sauti, akacheka hadi akashika kabati la samawati asianguke. Wanajeshi wakacheka kwa ruhusa hiyo. Awor akakiachia kicheko chake kilichobanwa, kikatoka kikali kama filimbi, na Zubaida akasema kwamba kama wamemaliza, yeye anazitaka sufuria zake.

Masanduku manne yalipelekwa Tororo na lori la Jamiru, yamefunikwa mablanketi, na Awor alikaa nyuma pamoja nayo akihama kutoka moja hadi jingine ili lolote lisijione limesahauliwa. Aliwagawa wakulima humo kwa uangalifu, kila sanduku likapata robo ya kila kata, ili siku watu wa Nabuyoga watakapofika kwa wingi wasiligombee sanduku moja. Akafunga madirisha. Akafagia kwa kitambaa cha maji, akafagia tena.

Siku ya kwanza ya pamba, magunia yalianza kufika ua ukiwa bado na ukungu. Madirisha sita yalifunguliwa. Ndani ya chumba baridi mikono minne ilianza kazi, kila mmoja na mlio wake, tak-tak-tak, na sakafu ikatetemeka kidogo. Kapteni Hamuza alisimama katikati akiwa na soksi, moja ikiwa imetoboka kidole, mikono nyuma, akiyakagua masanduku kama gwaride. Awor alitazama dirishani: mtu anataja jina, karani anabonyeza, jibu linatoka, mtu anaondoka na fedha yake akiwa amechanganyikiwa, anageuka kutazama kama kuna kitu amesahau kungojea.

Kufikia adhuhuri hapakuwa na mtu uani. Makarani walikuwa wakitengenezana nywele. Kapteni akavaa buti zake, akasema, "Hakuna wa kueleza," akaenda zake akipiga mluzi.

Awor alitoka nje miguu peku, akiona ardhi kama inamrusha. Akamkuta Apendi, mama aliyeuza mihogo ya kuchemsha kwa watu wa foleni kila msimu, ameketi mbele ya masufuria matatu yaliyojaa, mikono mashavuni.

"Ni wewe mwenye hiyo mashine?" Apendi akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Nimepika ya siku tatu. Watu wanapita mbio kama wameiba. Umeniua, mwanangu."

"Pole, mama."

"Pole haiuzi muhogo."

Awor alirudi ndani, akawaita makarani wote sita, akamwita mlinzi na mfagiaji. Wakakaa chini uani kulizunguka sufuria la kwanza, wakala mihogo na pilipili, na Apendi akawagawia vipande vikubwa kwa hasira. Kila mara Awor aliinua kichwa, akasikiliza upande wa chumba baridi, akacheka na mdomo umejaa.

"Anachekea nini huyu?" Apendi akamuuliza mlinzi.

"Mwache," mlinzi akasema, "yuko hivyo tangu asubuhi."